Kicheko cha Dakika ya Kumi na Moja

Delyth amenipigia simu saa tatu usiku.
Hakusalimu. Alisema tu: "Wanarudi."
Sikuuliza akina nani.
Nilikuwa nimeshika mwiko, supu ya viazi imeanza kushika chini,
na mvua ya Llanelli inagonga dirisha la jikoni
kama mtu anayedai kodi.

Wanarudi. *Kantini ya Zohali.*
Miaka thelathini na minne tangu tuwaache
wanaelea bila mafuta, bila majani ya chai,
mpishi akibishana na jiko lililomzidi akili,
nahodha amegeuka mmea ndani ya chungu
na bado anatoa amri.

Sayari zake zilikuwa mipira ya ufukweni iliyopakwa rangi.
Ukikaza macho, kwenye ule mwezi wa tatu,
utaona pale pa kupulizia pumzi.
Tulijua.
Tulipenda zaidi kwa sababu tulijua.

Sasa mpishi ana miaka sabini na sita na goti la chuma,
chuma cha kweli safari hii.
Rubani aliacha kuigiza, anafuga nyuki huko Brecon.
Na yule aliyekuwa ndani ya roboti,
roboti aliyeomba radhi kabla hajakosea,
tulimzika. Hapana: walimzika wenye haki naye,
sisi tulisimama nje ya ukuta na skafu zetu za kijani.
Wanasema kompyuta itaiga sauti yake.
Kompyuta!
Itamwombea radhi maiti ambaye hakuombwa ruhusa.

"Gethin," anasema Delyth, "wewe hata harusi yako uliitilia shaka."
"Na nani alikuwa sahihi?"
Akacheka. Lakini aliyeumwa na nyoka
akiona ung'ongo hushtuka,
na sisi tuliumwa: mwaka ule wa waigizaji wapya,
meno meupe, sayari zinazong'aa,
hakuna popote pa kupulizia.
Vipindi vitatu, wakafunga duka.
Tukikutana hatuutaji mwaka ule.

Tunakutana Llandudno, kila Februari, hoteli ileile yenye zulia la kunata.
Zamani tulikuwa mia tatu.
Mwaka huu tulikuwa kumi na tisa,
na mmoja wetu alikuwa dereva wa teksi anayesubiri nauli yake.
Alikaa hadi mwisho. Aliuliza kwa nini mmea unaogopa mkasi.
Wote kumi na wanane tulimjibu kwa pamoja.

Nimwambie Delyth au nisimwambie?
Msimu wa tatu, sehemu ya nne, dakika ya kumi na moja:
nahodha anaamuru, "Mbele!"
na jani lake moja linaanguka.
Ukumbi mzima kimya, nusu sekunde,
kisha mtu mmoja anawatangulia wote,
kicheko kama geti lenye kutu linaloburutwa juu ya kokoto.

Huyo ni Emrys. Kaka yangu.
Tulipanda basi hadi Manchester, tiketi za bure, tumebeba mikate ya jibini,
tukaketi safu ya pili kutoka nyuma, chini ya maikrofoni inayoning'inia.
Hatuna kanda nyingine yenye sauti yake.
Familia yetu ilikuwa ya picha,
na picha hazicheki.

Kipindi kipya hakitakuwa na watu ukumbini.
Mtayarishaji anasema kicheko cha watazamaji ni cha kizamani,
leo mtu anataka kucheka peke yake.
Labda. Ni kijana, hajawahi kujaribu kwa muda mrefu.

Nitatazama. Nani ananidanganya kwamba sitatazama?
Delyth atakuja na biskuti, nitatoa televisheni vumbi,
wakiharibu nitawatukana kwa Kiwelisi,
ambacho kina matusi ya kutosha.
Lakini kama nahodha bado yumo chunguni,
na kama ataamuru, na jani likaanguka,
nitangoja ile nusu sekunde.

Mtu lazima aanze.